Kura iliyowapiga hata wasioipiga

Tarehe 18 Septemba 2014, Mtanzania au Mkenya aliyekuwa akiishi Glasgow kihalali, jina lake likiwa kwenye daftari la wapiga kura, aliweza kuingia kituoni na kuamua kama Scotland ibaki ndani ya Uingereza au iwe dola peke yake. Alikuwa raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola mwenye makazi Scotland, na sheria haikumtaka zaidi ya hapo. Mskoti aliyezaliwa mtaa huohuo wa Glasgow, akasoma hapo, wazazi wake wamezikwa hapo, ila akawa amehamia London kutafuta kazi, hakuruhusiwa. Waskoti wa namna hiyo, waliozaliwa Scotland na kuishi sehemu nyingine za Uingereza, walikuwa mamia ya maelfu. Upande wa "Hapana" ulishinda kwa asilimia 55.3 dhidi ya 44.7, nao wakayasikia matokeo redioni kama tulivyoyasikia sisi.

Chini ya miaka minne kabla ya hapo, Sudan Kusini walifanya kinyume. Kuanzia tarehe 9 hadi 15 Januari 2011 vituo vilifunguliwa Juba, Wau na Malakal, vikafunguliwa Khartoum, na vilevile Nairobi, Kakuma, Kampala, Addis Ababa, Cairo, London, na katika miji ya Marekani, Kanada na Australia. Ukiacha kaskazini mwa Sudan yenyewe, zilikuwa nchi nane za nje. Karatasi ya kura ilikuwa na picha mbili kwa ajili ya wasiojua kusoma: mikono miwili iliyoshikana, maana yake umoja, na kiganja kimoja kilichoinuliwa, maana yake kujitenga. Watu walikisoma kiganja kile kama mkono wa kwaheri.

Swali la nani apige kura hurudi kila inapozuka hoja ya kujitenga. Limo Scotland wanakodai duru ya pili, limo Catalonia, na ndilo limekwamisha kura ya Sahara Magharibi tangu 1991. Ninapolisikia likijadiliwa, iwe redioni au kwenye makundi ya WhatsApp ya wenzetu walio ughaibuni, naona walio nje wanatetewa kwa hoja dhaifu kuliko zote walizonazo, kisha wanaangushwa kirahisi kwa sababu hiyohiyo. Hoja yenyewe ni ya pesa: tunatuma fedha nyumbani, tunajenga, tunasomesha, basi na sisi tupige kura. Mpinzani hujibu kwamba kura hainunuliwi, na mazungumzo yanaishia hapo.

Jibu hilo nalikubali. Kura ikiwa stakabadhi ya fedha zilizotumwa, daktari aliyeko Minnesota atakuwa nayo, na bibi wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma anayepanga foleni ya mgao hatakuwa nayo. Bibi huyo ndiye hasa niliyemfikiria nilipoanza kuandika haya. Eritrea walikwenda mbali zaidi katika njia ya pesa: raia wao walioko nje hudaiwa asilimia mbili ya kipato chao, na asiyelipa hupata taabu akihitaji huduma ubalozini. Walilipa, na bado hawajapata sauti. Nitarudi huko.

Hoja yenye uzito ni nyingine, na inaanzia kwenye tofauti kati ya uchaguzi na kura ya uhuru. Uchaguzi unaamua nani akae Ikulu kwa miaka mitano, na akiharibu ataondolewa na wanaoishi chini ya utawala wake. Ni haki kabisa kumwambia aliye mbali: hulipi kodi hapa, huamki na mgao wa umeme, waachie wanaoamka nao. Katiba ya Kenya ya 2010 inataka walio nje waandikishwe hatua kwa hatua, na Tanzania bado haijawafungulia mlango. Naweza kuishi na uamuzi wowote kati ya hiyo miwili, kwa sababu uchaguzi mwingine upo njiani. Kura ya kujitenga ikishapita haina duru ya marudio. Inaamua nani atakuwa raia wa nini, pasipoti ipi itakufa, na nani atahitaji viza kwenda kwenye kaburi la mama yake. Uamuzi wa namna hiyo unamfuata mtu popote alipo, hata kama hajaondoka kitini pake.

Wanaopinga wana methali nzuri upande wao: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayeishi Melbourne anaweza kupigia kura taifa jipya kwa moyo mkunjufu, kisha kesho yake akaenda kazini kwa treni. Mtu wa Bentiu, kule Sudan Kusini, ndiye atakayekosa dawa hospitalini, ndiye atakayesubiri mshahara miezi minane. Kuna ukweli hapa usiopaswa kupuuzwa. Vita vilipozuka Juba tarehe 15 Desemba 2013, baadhi ya maneno makali zaidi ya chuki yaliyosambaa mitandaoni yaliandikwa na watu waliokuwa maelfu ya kilomita kutoka kwenye risasi. Umbali unaweza kumfanya mtu awe mkali kuliko anayelala porini.

Lakini tuitazame methali ile mbele ya watu tunaowazungumzia. Vita vya 1983 hadi 2005 vinakadiriwa kuua watu milioni mbili na kuwang'oa makwao takriban milioni nne. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa 1992 kuwapokea watoto waliotembea kutoka Sudan hadi Ethiopia, wakatoka Ethiopia wakarudi Sudan, ndipo wakaingia Turkana wengine wakiwa mifupa mitupu. Hao walikilalia kitanda. Kunguni ndio waliowatoa. Kuwaambia mwaka 2011 kwamba hawawezi kusema lolote juu ya kitanda hicho kwa kuwa hawako juu yake ni kuwapa waliowafukuza zawadi ya ziada.

Mstari kati ya mkazi na mkimbizi, ukiutazama kwa karibu, ulikuwa tiketi ya basi. Uandikishaji ulifunguliwa katikati ya Novemba 2010, msimu ambao huku Kenya watahiniwa wa KCSE wamo kwenye mitihani. Wafikirie ndugu wawili wa Kakuma: mkubwa alirudi Bor mwaka 2008 kujaribu maisha, mdogo kabaki kambini amalize kidato cha nne kwanza. Kwa sheria ya Scotland mkubwa ni mpiga kura na mdogo si chochote. Wamezaliwa tumbo moja, wamekimbia bunduki zilezile, na mdogo naye alikuwa na nia ya kurudi akishapata cheti. Sioni kanuni ya haki inayowatenganisha.

Tena mkataba wa amani uliomaliza vita na kuleta kura ile ulizaliwa nje. Itifaki ya kwanza ilifikiwa Machakos mwaka 2002, mazungumzo yakahamia Naivasha chini ya Jenerali Lazaro Sumbeiywo, na mkataba kamili ukatiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Kura ilianza miaka sita kamili baadaye, siku na mwezi uleule. John Garang, kiongozi wa SPLM, chama kilichopigania kusini, alipata sehemu ya elimu yake Tanzania na nyingine Iowa, Marekani. Taifa lililobuniwa na watu waliokuwa nje lingewezaje kuwaambia walio nje kwamba halihusiani nao?

Kuna takwimu moja ya mwaka ule ambayo hunirudia mara kwa mara. Matokeo ya jumla yalikuwa asilimia 98.83 kwa kujitenga, na hiyo kila mtu anaikumbuka. Ukiyagawa kwa mahali, ndani ya kusini ilikuwa asilimia 99.57. Lakini miongoni mwa watu wa kusini waliopigia kura kaskazini, Khartoum na kwingineko, waliotaka kujitenga walikuwa asilimia 57.65 tu. Zaidi ya wanne katika kila kumi waliweka dole gumba penye mikono iliyoshikana.

Wapo waliosema wale walitishwa na dola ya Khartoum. Wapo waliosema waliojiandikisha kaskazini walikuwa wachache waliokwishaelekea umoja, kwa kuwa SPLM iliwasihi wengine wasijiandikishe huko. Maelezo yote mawili yana mashiko, na siwezi kuyatupa. Hata hivyo kuna maelezo ya tatu, mepesi kuliko hayo, na sikuyasikia yakizungumzwa sana wakati ule: watu wale walijua kitakachowapata. Mwanamke aliyefika Khartoum mwaka 1988 akikimbia njaa ya Bahr el Ghazal, akauza chai barabarani miaka ishirini, akazaa watoto wanaosoma kwa Kiarabu na wasiojua Aweil inafananaje, hakuhitaji mchambuzi wa kumweleza maana ya kiganja kilichoinuliwa. Yeye ndiye aliyekuwa amelala kitanda cha pili, kile ambacho watu wa Juba hawakukijua kunguni wake.

Na yalimpata. Uhuru ulitangazwa tarehe 9 Julai 2011. Mwezi uleule Sudan ilirekebisha sheria yake ya uraia: yeyote anayepata uraia wa Sudan Kusini, kwa sheria au kwa hali halisi, anapoteza wa Sudan papo hapo. Watumishi wa umma wenye asili ya kusini waliachishwa kazi. Waliobaki walipewa muda hadi tarehe 8 Aprili 2012 wawe wameondoka au wamepata vibali kama wageni. Maelfu walikwenda bandari ya Kosti, kwenye Mto Nile Mweupe, wakingoja majahazi ya kuwapeleka kusini, na wakakwama huko miezi kwa miezi na makabati, vitanda na magodoro yao yakiwa yamerundikwa kando ya mto. Mei 2012 serikali ya jimbo ikawataka waondoke, na takriban watu 12,000 wakasafirishwa kwa ndege kutoka Khartoum hadi Juba. Miongoni mwao walikuwamo vijana waliozaliwa kaskazini, wakiiona kusini kwa mara ya kwanza.

Sheria ile haikumuuliza mtu kama alipiga kura. Haikumuuliza kama alipigia umoja. Hata yule ambaye hakujiandikisha kabisa, aliyejifungia ndani kwa matumaini kwamba akikaa kimya hataguswa, alipoteza uraia kwa sababu ya kabila la babu yake. Hakupiga kura, lakini kura ilimpiga. Kanuni ya "wapige wanaoishi na matokeo" inaponiuma ni hapa: watu walioishi na matokeo makali kuliko wote siku ya kwanza walikuwa nje ya mpaka wa nchi mpya. Kanuni ya makazi, ikifuatwa kwa ukali wa Scotland, ingewafuta wote. Asilimia 42 zile za umoja zisingekuwepo hata kwenye kumbukumbu.

Upande wa pili una hoja moja ambayo kwangu ina nguvu kuliko zote, na haijadiliwi vya kutosha kwa sababu ni ya hesabu. Sheria ya kura ya maoni iliyopitishwa Desemba 2009 iliweka akidi: angalau asilimia 60 ya waliojiandikisha wajitokeze, la sivyo kura ni batili. Kisha ushindi ni nusu ya kura na moja zaidi. Chukua waliojiandikisha 100. Wakijitokeza 59 na wote wakachagua kujitenga, wamekwama. Wakijitokeza 60, na 31 wakachagua kujitenga, nchi imezaliwa. Maana yake ni kwamba anayejiandikisha kisha asifike kituoni, kwa ugonjwa, kwa woga au kwa kuzuiwa njiani, ana uzito kuliko anayepiga kura ya kupinga.

Sasa weka hesabu hiyo Khartoum, mahali ambapo vyombo vya usalama vilikuwa mikononi mwa upande usiotaka kujitenga. Kila jina lililoandikwa huko lilikuwa kama rehani mkononi mwa mpinzani. Angeweza kuacha watu wajiandikishe kwa wingi, kisha siku ya kura barabara zikafungwa. SPLM waliliona hilo mapema, wakawaambia watu wao waliokuwa kaskazini warudi kusini au wasijiandikishe. Katika jamii iliyokadiriwa kuzidi watu milioni moja, waliojiandikisha kaskazini walikuwa takriban 116,000, na waliojitokeza walikuwa wachache kwa kulinganisha na kusini. Zile nchi nane za nje ya Sudan ziliandikisha takriban 60,000. Daftari zima lilikuwa na watu milioni 3.9 hivi.

Scotland wenyewe wanaijua akidi hii kwa jina jingine. Mwaka 1979, kwenye kura ya kupata bunge lao, asilimia 51.6 ya waliopiga kura walisema ndiyo, lakini sheria ilitaka ndiyo zifike asilimia 40 ya daftari lote, nazo zilikuwa asilimia 32.9. Bunge likafa kwa miaka ishirini. Marehemu ambao majina yao hayakuwa yamefutwa, na wanafunzi walioandikwa mara mbili, wote walihesabiwa kama waliokataa.

Kwa hiyo anayesema "msiwaandikishe walio mbali, mtaiua kura" hana chuki na walio mbali. Anajua hesabu. Umbali unapunguza kujitokeza bila mtu kuwa na nia mbaya. Mkazi wa Omaha au Phoenix alikuwa na kituo karibu, lakini wengi nchini Marekani walilazimika kusafiri saa nyingi kwa gari au basi, mara ya kwanza kujiandikisha na mara ya pili, kwenye baridi ya Januari, kupiga kura palepale walipojiandikisha. Walikwenda, tena kwa wingi uliowashangaza waliosimamia. Kupanga hatima ya nchi kwa kutegemea kwamba watu watakwenda hivyo kila mara ni kucheza pata potea.

Dawa ya tatizo hili, ninavyoona, iko kwenye akidi na si kwenye kuwafungia watu mlango. Waandikishwe, wapige, kura zao zihesabiwe katika kuamua umoja au kujitenga, ila majina yao yasiingizwe kwenye hesabu ya kujitokeza. Akidi ipimwe kwa daftari la nyumbani peke yake. Mwenye kuzuiwa Khartoum angepoteza kura yake, jambo baya la kutosha, lakini asingegeuzwa kuwa silaha dhidi ya ndugu zake. Ni kifungu kimoja tu cha sheria, na kingewaruhusu mamia ya maelfu ya watu wa Khartoum kujiandikisha bila woga wa kuharibu. Tungejua basi kama zile asilimia 42 ni sauti ya wachache au ya mji mzima.

Inabaki hoja ya damu, nayo nzito. Ukishaacha makazi kuwa kipimo, unapima kwa nini? Sudan Kusini walipima kwa ukoo: mzazi au babu wa mojawapo ya jamii za kusini, au makazi yasiyokatika tangu tarehe 1 Januari 1956, siku Sudan yote ilipopata uhuru. Mfanyabiashara wa Darfur aliyefungua duka Juba mwaka 1970, akaoa hapo, akakaa vita vyote hapo, hakuhesabiwa. Mjukuu wa Mdinka aliyezaliwa Calgary alihesabiwa. Waliotunga sheria ya Scotland walikataa njia hiyo kwa makusudi, wakasema Mskoti ni anayeishi Scotland, awe Mpolandi au Mpakistani au Mkenya wa Glasgow. Kuna heshima kubwa katika uamuzi huo, na mtu wa Afrika Mashariki anayejua tulivyoumizana kwa maswali ya nani mwenyeji na nani mkuja anapaswa kuuona uzuri wake.

Ila makazi nayo si kipimo safi kama wanavyodhani walio na hati za nyumba na bili za maji. Siku ileile ya Januari 2011, Abyei, eneo lililo mpakani mwa kaskazini na kusini, ilipaswa kupiga kura yake yenyewe, ichague kubaki kaskazini au kujiunga na kusini. Haikupiga. Kila upande ulikubali kwamba wapige wakazi, ugomvi ukawa mkazi ni nani. Wadinka Ngok wana vijiji pale. Wamisseriya huja na ng'ombe wao kila kiangazi, wakakaa miezi, kisha wakaondoka mvua zikianza. Mahakama ya Usuluhishi ya Hague ilikuwa imechora mipaka ya Abyei Julai 2009, lakini mpaka hausemi kama mfugaji wa miezi sita ni mkazi. Oktoba 2013 Wangok wakapiga kura yao peke yao, karibu wote wakachagua kusini, na hakuna serikali iliyoitambua. Sahara Magharibi ni hivyohivyo: Umoja wa Mataifa ulichapisha orodha ya takriban watu 86,000 wanaostahili, zikaja rufaa zaidi ya laki moja, na wakimbizi wake wa kambi za Tindouf, nchini Algeria, wakazeeka wakingoja siku ya kura.

Jibu langu kwa hoja ya damu ni kuchanganya vipimo na kuweka ukomo. Mkazi apige, wa asili yoyote, hata yule wa duka la Juba. Aliye nje apige ikiwa yeye mwenyewe alizaliwa pale au alifukuzwa pale, au ikiwa matokeo yatabadilisha uraia alionao leo. Mjukuu wa Calgary mwenye pasipoti ya Kanada, ambaye hakuna kitakachobadilika kwake kura ikienda huku au kule, asubiri. Mstari huu utamkata mtu fulani kwa uonevu, kama mistari yote. Namwona mtu huyo na bado nadhani ni mstari wenye haki kuliko ule wa kuangalia tu umelala wapi usiku wa kuandikishwa.

Waliosalia watauliza kama yote haya yana maana, kwa kuwa kura za nje hazikubadilisha kitu. Ondoa 60,000 za nje, ondoa na 116,000 za kaskazini, kusini bado ingejitenga kwa tofauti kubwa sana. Hiyo ni kweli kwa mwaka 2011. Montenegro mambo yalikuwa mengine. Tarehe 21 Mei 2006 ilihitaji asilimia 55 ili ijitenge na Serbia, ikapata 55.5, yaani ilivuka kwa kura elfu mbili na ushee. Wamontenegro waliokuwa wakiishi na kuandikishwa Serbia, wengi wao wakipenda umoja, walizuiwa. Wangeruhusiwa, huenda pasingekuwa na nchi iitwayo Montenegro leo. Anayependa uhuru wa Montenegro atasema kanuni ya makazi ilikuwa sahihi. Namwelewa. Ila naona kanuni iliyosifiwa zaidi kwa usawa wake ilitumika pale ambapo iliamua matokeo, na waliowekwa nje ya mlango walikuwa walewale ambao mpaka mpya ulikuwa unapita katikati ya familia zao. Sina furaha kusema hivyo, maana Montenegro imetulia na imeendelea vizuri kuliko Sudan Kusini.

Timor ya Mashariki, walipopiga kura ya kujitenga na Indonesia Agosti 1999, waliweka vituo vya nje vikiwamo vya Maputo, kwa sababu Msumbiji ilikuwa imewahifadhi viongozi wao kwa zaidi ya miaka ishirini. Waliojiandikisha nje walikuwa takriban 13,000 kati ya laki nne na nusu. Xanana Gusmão, kiongozi wao, alipigia kura Jakarta, akiwa bado kifungoni. Kanuni kali ya makazi ingemhesabu kama mkazi wa Jakarta.

Sasa Eritrea. Aprili 1993 Waeritrea walipiga kura ya kujitenga na Ethiopia ndani na nje, kuanzia Sudan walikokuwa wakimbizi wengi kuliko kwingine hadi Ulaya, Marekani na Ghuba, na asilimia 99.8 wakataka uhuru. Hiyo ndiyo ilikuwa kura ya mwisho ya kitaifa. Katiba iliyoidhinishwa 1997 haikutekelezwa, uchaguzi mkuu haukufanyika, na asilimia mbili zinaendelea kudaiwa. Wanaopinga kura za ughaibuni hutaja Eritrea kama onyo: mnawapa watu wa mbali sauti ya kuzaa dola, kisha dola inawageukia wa karibu. Mimi naona kosa liko mahali pengine. Walio ndani nao walinyamazishwa, na waliowanyamazisha walikuwa wakazi wa Asmara.

Ndivyo ilivyokuwa Juba vilevile. Desemba 2013 haikuletwa na wapiga kura wa Omaha wala wa Kakuma. Ililetwa na wanaume waliokuwa wamekaa katika meza moja ya serikali, umbali wa dakika chache kwa gari kutoka nyumba hadi nyumba, wakazi kamili kwa kipimo chochote utakachotumia. Waliolipa walikuwa wale waliorudi kutoka Kakuma na Khartoum wakiamini nchi imepatikana, wakajikuta tena Adjumani na Bidi Bidi kule Uganda, ambako leo wako wakimbizi wa Sudan Kusini wanaokaribia milioni moja.

Tangu Januari 2011 Sudan Kusini haijafanya uchaguzi mkuu hata mmoja. Ulipangwa, ukaahirishwa, ukapangwa Desemba 2024, ukaahirishwa tena hadi Desemba 2026. Tume za uchaguzi zikianza kuandikisha, swali lilelile litarudi katika sura nyingine, na mimi niliyesema kwamba kwenye uchaguzi wa kawaida walio nje wanaweza kungoja, hapa nasita. Nchi ambayo zaidi ya raia wake milioni mbili wako kambini kwa majirani haina uchaguzi wa kawaida. Mtoto aliyezaliwa Kakuma wiki ya kura ile, mama yake akiwa ametoka kwenye foleni na wino kidoleni, anamaliza miaka kumi na tano kambini humohumo.